Mamba wa Bibi Yuko Bavaria

Nimeanza kuandika haya leo Jumamosi, tarehe 3 Julai 1993, saa tisa na robo alasiri, nimekaa nyuma ya tangi la maji la kigango cha Guta. Hapa Katekista hawezi kuniona mpaka azunguke kanisa lote, na Katekista hazunguki kanisa asipokuwa amebeba msalaba. Habari ya msalaba nitaifikia. Kwanza kwa nini nimejificha.

Kesho wanakuja wageni kutoka Bavaria, Ujerumani, kutoka mji mdogo wa hija ambao Katekista alipelekwa miaka ile ya shida, nami nilikuwa sijaanza shule. Paroko ametangaza kwamba mimi ndiye nitakayetafsiri, kwa sababu niko kidato cha tatu Musoma na eti Kiingereza changu ni kizuri. Ni kizuri kwenye karatasi. Mbele za watu hata Kiswahili hunikimbia. Lakini hiyo peke yake isingenileta nyuma ya tangi. Asubuhi Katekista alinisimamisha njiani nikiwa na ndoo kichwani.

"Binti wa Musoma, kesho utawatafsiria wageni kila kitu."

"Ndiyo, Katekista."

"Kila kitu. Ila usiwaulize habari ya picha."

"Picha ya Bibi?"

"Kwani kuna picha gani nyingine."

Nikafika nyumbani. Bibi alikuwa anachambua dagaa, akaniambia bila kuinua kichwa, "Kesho waulize hao wageni picha yangu iko wapi. Nisikie kwa masikio yangu kabla sijafa." Bibi hutaja kufa kila anapotaka kitu. Alitaja pia alipotaka redio.

Picha yenyewe ni ya Bibi na mamba. Bibi alimkabidhi Katekista akaitundike kwenye kikanisa cha hija, kumshukuru Mama Maria aliyemtoa mdomoni mwa mamba. Katekista akarudi akasema imetundikwa. Nusu ya Guta inamwamini. Nusu nyingine inasema aliiacha Mwanza kabla hajapanda ndege, na kwamba kuna mama lishe huko anaitumia kama sinia. Bibi yuko kwenye nusu ya kwanza, tena kwa miguu: kila siku anachota maji palepale mamba alipomkamata, kwa sababu, anasema, Mama anaitazama picha huko na yeye anatazamwa huku. Kama picha haipo, sijui atachota wapi. Na Katekista sijui atauweka wapi uso wake.

Basi ngoja nimwelezee mtu huyu jinsi ninavyomjua, maana kuanzia kesho huenda akawa mtu mwingine.

Ni mrefu, mwembamba, shingo yake hufika kabla yake. Ana koti jeusi la huko, analivaa hata jua likiwa la kukausha dagaa. Ana viatu vyeusi vya huko pia, na kiatu cha kulia kisigino chake kimebonyea upande mmoja kama kimeng'atwa. Akitembea huwa kama mtu anayeitikia ndiyo kila hatua. Fundi viatu wa Bunda amemwomba mara nyingi akitengeneze.

"Kiache," humjibu. "Kilishafanya kazi yake."

Mji alikokwenda una jina gumu. Linaanza vizuri halafu linakwama kooni, kwa hiyo yeye husema Kule tu, nasi tunasema Kule. Alipelekwa na Padre mzee aliyekuwa mwenyeji wa huko, alipokuwa akienda likizo yake ya mwisho. Padre alibaki akafia kwao. Katekista akarudi na sanduku.

Sanduku hilo linasimuliwa mpaka leo. Wakati ule maduka yalikuwa na rafu na muuzaji tu. Tulikuwa tunafulia majivu na majani ya mpapai. Watu wakajaa uani kwa Katekista wakinusa hewa, kwa sababu mtu anayetoka Ulaya na sanduku zito lazima ana sabuni. Akalifungua. Ilikuwa mishumaa, na chupa za maji ya baraka zenye umbo la Mama Maria, kifuniko ndiyo taji, rangi ya bluu. Jirani yake, mzee mmoja Msabato ambaye wamezeeka wakitaniana, ndiye aliyesema kwanza.

"Nchi haina sabuni. Wewe unakwenda Ulaya, unarudi na mishumaa."

"Myeusi," Katekista akamsahihisha.

Kweli ilikuwa myeusi. Kule huiwasha wakati wa radi, nyumba isipigwe. Watu walitawanyika haraka kuliko walivyokuja, kwa maana mshumaa mweusi hapa kwetu si kitu cha kuuliza mara mbili. Lakini radi za ziwa hili kila mtu anazijua. Masika yalipoanza, watu wakawa wanapitia mlango wa nyuma, mmoja mmoja, wakisema wameishiwa mafuta ya taa tu, hawana neno na rangi. Yule Msabato naye alituma mtoto. Na chupa ya Mama Maria Bibi anayo bado, siku hizi anatilia mafuta ya taa. Kila akitaka kumimina lazima amvue taji, na kila mara husema, "Nisamehe Mama."

Kuhusu makanisa ya Kule, Katekista anaweza kuanza baada ya misa na ukaona kivuli cha mwembe kimehamia upande wa pili. Husema mji wenyewe hauzidi Butiama, ila makanisa yake ungeyapanga kutoka Bunda ungekaribia Musoma. Na yote yanatazamana kwenye uwanja mmoja, kama wake wa mume mmoja. Mke mkubwa ndiye mdogo kwa umbo: kikanisa cha pembe nane, kizee kuliko mji, ndani kiza kitupu kwa moshi wa mishumaa. Humo yuko Mama Maria wa mti, mweusi.

"Mweusi kama nani?" sisi watoto tulikuwa tunauliza, na jibu tunalijua.

"Kama mama yako."

Zamani walikuja maadui juu ya farasi wakachoma mji mzima, kikanisa kikabaki. Kilichoanzisha hija ni mtoto aliyezama mtoni. Mama yake akambeba, akamlaza mbele ya yule Mama mweusi, mtoto akatapika maji, akaamka, akaomba chakula. Chakula kilikuwa kinabadilika. Akisimulia Guta, mtoto aliomba ugali na sato. Nilimsikia akisimulia Nyasura, kwenye harusi, mtoto akaomba nyama. Mahujaji walipozidi wakajenga kanisa la minara miwili. Walipozidi tena, treni ikaanza kuwaleta, wakajenga jingine ambalo, anasema, lingemeza watu wote wa Kabasa na Nyasura na bado likasikia njaa.

Hapo watu hukubali. Tatizo huanza kwenye mioyo. Katekista anasema wafalme wa Bavaria walipokufa walizikwa kwao, lakini mioyo yao ilitolewa, ikatiwa kwenye mitungi ya fedha, ikapelekwa ikae ukutani mle kikanisani mbele ya Mama. Siku alipoyasema hayo kwa mara ya kwanza mbele ya wazee, wanasema palikuwa kimya mpaka mbuzi akasikika akitafuna.

"Hao ni Wakristo?" mzee mmoja akauliza.

"Wazuri sana."

"Na anayetoa moyo ni nani?"

"Daktari."

"Hapa mtu akitoa moyo wa maiti huwa tunamfunga kamba."

Wakakubaliana jambo hilo lisifike mbali. Katekista akaendelea kulifikisha mbali.

Mimi nilipenda ya saa. Katika lile kanisa la minara miwili kuna saa ndefu kama kabati, na juu yake amesimama Kifo mwenyewe, mifupa mitupu, ameshika fyekeo. Kila sekunde anafyeka. Watu wa Kule husema kila akifyeka, mahali fulani duniani mtu anakufa. Katekista alikuwa anapanda juu ya benchi, anashika fyekeo letu la majani, anakodoa macho. "Ta," anafyeka upande huu. "Mmoja. Ta. Mwingine." Tulikuwa tunakimbia nje tukilia, halafu tunarudi kuomba aanze tena. Paroko huyu mpya, ambaye bado kijana na hupiga pasi mpaka mikunjo ya soksi, alimkuta siku moja juu ya benchi.

"Katekista, hii ni Komunyo ya Kwanza au ni nini?"

"Ni historia ya Kanisa, Padre."

"Punguza mifupa."

Akapunguza. Siku hizi anasimulia bila fyekeo, anatumia mkono.

Sasa msalaba. Kule mahujaji hubeba msalaba wa mti begani wakakizunguka kikanisa wakisali, wengine kwa magoti. Katekista alirudi nao huo utaratibu, akawa anaufuata mwenyewe, na kwa watoto akaugeuza adhabu. Mtoto akichelewa mafundisho anabebeshwa msalaba wa mkaratusi, anazunguka kanisa. Kosa lake ni moja: akauchonga mzuri, saizi ya watoto, na aliyeubeba akawa anaimbiwa na wengine. Tukaanza kuchelewa kwa makusudi. Ikafika mahali Jumamosi darasa halina mtu, wote tuko foleni nje tunangoja msalaba. Naye hakuufuta. Aliongeza wa pili.

Kwa nini yeye mwenyewe husimama mlangoni, badala ya kukaa mbele kama makatekista wengine? Kule kulikuwa na bruda mmoja, kazi yake maisha yote kufungua mlango wa nyumba ya watawa na kuwapa maskini mkate na bia. Hakuandika kitabu, hakuhubiri. Akafa, akafanywa mtakatifu. Katekista akasema, kazi hii naiweza. Tangu hapo ni bawabu wetu. Ukija na shida anakupa uji.

"Mbona hutoi bia?" yule Msabato humchokoza.

"Bia ya Kule ni ya kitawa. Nilipewa, nikainywa kwa utii."

"Ulitii mara ngapi?"

"Watawa walikuwa wengi."

Hapo ndipo pagumu kwake. Mtu anayewafungulia maskini mlango ndiye huyo huyo aliyemwambia Paroko kuwa nguruwe wa kigango amekufa kwa ugonjwa, na sote tulikuwa tumemla, na Katekista alikula kichwa. Hadithi zake huwezi kujua zina mfupa gani wa kweli ndani. Baba yangu mdogo husema: Katekista haongopi, anakarabati.

Na sasa picha. Mwaka ule wa majivu Bibi alikwenda ziwani kuosha sufuria. Mamba akamkamata mguu, chini ya goti. Bibi anasema alimwita Mama Maria, na wakati anamwita alikuwa anampiga mamba kwa sufuria, na kwamba mambo yote mawili yalisaidia. Watu waliokuwa ufukweni wanasema walimpigia kelele aachie sufuria ashike nyasi. Hakuachia. Sufuria zilikuwa hazipatikani. Akatoka na mguu wake na sufuria yake. Mguu una kovu, sufuria ina shimo.

Padre mzee alipotangaza anakwenda Kule na Katekista, akatueleza kwamba kuta za kikanisa kile zimejaa picha za shukrani: mtu ameanguka kutoka juu ya paa akapona, mkokoteni wa majani umepinduka, ng'ombe wameugua. Katekista alivyorudi alisemaga hicho ndicho kilichomfariji kuliko vyote. "Wazungu nao wanaangukaga," alisema. Basi Bibi akamwendea fundi wa mabango wa Bunda. Huyo alizoea kuchora ng'ombe kwenye mabango ya bucha, kwa hiyo mamba wake alitoka ng'ombe, ila mwenye meno. Sufuria aliichora kubwa kuliko Bibi, kwa rangi ya fedha, ndiyo rangi aliyokuwa nayo nyingi. Juu akaandika ASANTE MAMA. Chini akaandika kile anachoandika chini ya kila kitu: KWA KAZI SAFI ZA MABANGO MWONE FUNDI, NYUMA YA MASHINE YA KUSAGA, BUNDA. KARIBU.

Katekista alimwambia aifute hiyo ya chini. Fundi akakataa. "Mwaka huu rangi haipo nchi nzima. Mimi natoa yangu bure, halafu nisijulikane?" Bibi hasomi, akaona maandishi mengi ndiyo heshima. Picha ikafungwa kwenye kanga ikasafiri.

Kuhusu kutundikwa kwake, Katekista anasema askofu wa Kule aliitundika kwa mikono yake, tarumbeta zikipigwa, na waumini wakauliza ni mama gani huyo shujaa. Bibi akisikia hapo hufuta macho. Sehemu hiyo, na askofu wake na tarumbeta zake, hata wanaokataa mioyo na mifupa huikubali. Mimi ndiyo inayonitia shaka. Tangu asubuhi naona jinsi alivyosema usiwaulize. Hakuniangalia. Aliangalia ndoo.

Namsikia ananiita. Anakuja na msalaba.

*

Jumapili, baada ya wageni kuondoka.

Walikuja wanne. Anayejua Kiingereza vizuri ni mama mmoja mzee, mwalimu mstaafu, kofia ya majani, magoti mekundu kwa jua. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Yule Msabato alikaa dirisha la nyuma. "Sabato yangu ilikuwa jana," alisema. "Leo niko huru kutazama." Katekista alikuwa mlangoni kwake, koti limefungwa vifungo vyote.

Paroko akanisimamisha kando ya mgeni. Sauti yangu ilitoka kama ya mbu, watu wa nyuma wakasema hawasikii, nikairudia, ikatoka kama ya mbu wawili. Salamu zilipokwisha Paroko akaruhusu maswali. Wa kwanza alikuwa Msabato, kutoka dirishani.

"Mjukuu wangu, waulize. Ile mioyo ya wafalme kwenye mitungi. Ipo?"

Nikauliza. Mgeni akasema ipo, mitungi ya fedha, mkabala na Mama Maria. Akaonyesha kwa mikono ukubwa wa mtungi. Nikatafsiri. Vichwa vyote vikageuka mlangoni vikamtazama Katekista, vikarudi.

"Na mifupa yenye fyekeo juu ya saa?"

Akasema ipo, na kwamba alipokuwa mtoto alikuwa akificha uso kwenye sketi ya mama yake. Vichwa vikageuka tena. Katekista alikuwa amekunja mikono kifuani kama mtu anayepigwa picha. Paroko alijikuna shingo.

Ndipo Bibi akasimama. Hakusema kwa kanisa, alisema kwangu, kama tuko jikoni. "Mjukuu wangu, uliza sasa."

Mlangoni Katekista aliacha kupigwa picha. Akaangalia bati la juu.

Mmoja ameniambia uliza na mwingine ameniambia usiulize, na wote nawapenda. Kilichoniamua ni mguu wa Bibi. Alikuwa amesimamia mmoja, kwa sababu ule wa mamba ukikaa sana benchini hufa ganzi. Nikamuuliza mgeni kama kwenye picha za Kule amewahi kuona moja ya mwanamke na mamba.

Akafikiri, akatikisa kichwa. Mamba hapana. Bibi alikuwa anamtazama mgeni mdomo, kama anayeweza kukiona Kiingereza.

Halafu mgeni akasema, iko moja ya mwanamke na ng'ombe mwenye meno.

Nikamuuliza kama ana sufuria. Akaweka mkono mdomoni. Akageuka akawaambia wenzake kwa lugha yao, mmoja wao akapiga paja, mwingine akajifanyia ishara ya msalaba. Akaniambia, nami nikawa natafsiri kipande kipande. Ipo kwenye baraza inayokizunguka kikanisa, ukutani, kati ya mtu aliyeanguka kutoka juu ya paa na farasi aliyekwama kwenye theluji. Watoto wa mji huenda kuitafuta. Bibi akakaa chini taratibu, akajifunika uso kwa upande wa kanga, mabega yakitikisika.

Ningeishia hapo. Lakini mgeni alikuwa bado anasema, na kazi yangu ilikuwa kusema anachosema. Akasema, hakuna anayejua ni nani aliyeitundika. Asubuhi haikuwepo, mchana ikawepo. Mtunza kanisa alitaka kuitoa, msumari ukakataa, mnene, una kofia ya chuma, alivunja koleo. Baadaye watu wakaizoea, wengine wakaanza kusema imekuja yenyewe.

"Hakuna anayejua?" Paroko akauliza. "Siyo askofu?"

Nikauliza. Mgeni akacheka akasema askofu hapana.

Kanisa zima likageuka mlangoni mara ya tatu. Miaka yote ile ya tarumbeta. Katekista alishuka ngazi moja kama anayeondoka, akaipanda tena.

"Ulikuwa msumari wa bati," alisema. "Niliutoa hapa hapa, kwenye paa la jikoni la Padre. Misumari yao ya Kule ni ya kutundikia watakatifu. Yule ni mamba."

"Na askofu?" Paroko alisema.

"Askofu alikuwa na shughuli."

Aliyeanza kucheka ni Bibi, ndani ya kanga, halafu likafuata kanisa. Msabato alilazimika kushikilia nondo za dirisha. Mgeni akangoja patulie, akaniambia liko jambo moja zaidi. Chini ya picha kuna sala. Hakuna aijuaye maana, lakini mama yake mzazi aliikariri, alikuwa akiisali akizunguka na msalaba begani, mpaka alipofariki, na yeye ameirithi. Angependa kuisali hapa, kwa lugha ya wenyewe. Akavua kofia. Akafumba macho, akaunganisha mikono.

"Kwa kazi safi za mabango mwone fundi," alisema polepole, kwa lafudhi nzito, kila neno mahali pake. "Nyuma ya mashine ya kusaga, Bunda. Karibu."

Hakuna aliyecheka kwanza, kwa sababu alisali vizuri sana. Mama mmoja mbele akaitikia amina. Halafu ndipo kanisa likavunjika, watoto wakalala sakafuni, na Paroko mwenyewe akageukia altare akawa anapanga vitambaa vilivyokwisha kupangwa. Mgeni alifumbua macho akaniuliza wana nini. Nilitaka kumwambia wamefurahi. Nikaona, nimekwisha kusema la askofu, nitaanza kuchagua leo? Nikamweleza neno kwa neno.

Alirudisha kofia kichwani. "Basi mama yangu alikuwa anaombea biashara ya mtu," alisema. Kisha: "Nimeomba mengi kwa maneno hayo, na nimepewa. Siachi."

Walipokwisha kuondoka nilimkuta Katekista kwenye kizingiti cha mlango wake, amevua kiatu cha kulia.

"Nilikuambia usiulize."

"Nilidhani haipo."

"Ipo. Nilijua ipo. Sikujua kama bado wamekasirika." Aligeuza kiatu. "Yule mtunza kanisa aliniambia ukuta umejaa, niandike maombi, ningoje. Ndege yangu ilikuwa kesho yake. Alipokwenda kula nikaazima kiti cha muuza mishumaa, nikapanda. Nyundo sina." Akanionyesha kisigino.

"Sasa kwa nini ulisema askofu?"

Aliniangalia kama ninayefundishwa Baba Yetu kwa mara ya kwanza. "Bibi yako alimpiga mamba kwa sufuria. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje picha yako niliipigilia kwa kiatu, nikakimbia?"

Akavaa kiatu, akafunga kamba, halafu akauliza kwa sauti ya chini kama anayeomba kitu: "Yule mama yake marehemu. Alikuwa anaisali akiwa amebeba msalaba kabisa?"

"Begani, amesema."

"Akizunguka?"

"Akizunguka."

Akainuka, akaenda kuona kama watoto wamerudisha ule msalaba mdogo mahali pake, akiitikia ndiyo kila hatua.

*

Jumatatu asubuhi nilichukua ubao wa meza yetu iliyovunjika, nikaenda Bunda kwa miguu peke yangu. Fundi wa mabango sasa yuko stendi. Nyuma ya mashine ya kusaga hakuna tena nyuma, mashine iling'olewa, pale wanauza mitumba. Nilisimama kati ya mabango yake mpaka akaniuliza nimepotea au nimetumwa.

"Nataka picha," nilisema, na sauti ikatoka. "Ya mtu amepanda juu ya kiti, ameshika kiatu, anapigilia msumari."

"Kwa kiatu? Fundi gani huyo?"

"Siyo fundi. Ni Katekista wa Guta. Anatundika ile picha yako ya mamba. Nataka nimtundikie kanisani, Padre akienda kunywa chai."

Nikamweleza yote. Aliposikia kwamba maneno yake yanasaliwa Kule, alikaa juu ya debe la rangi.

"Miaka yote?"

"Wengine kwa magoti."

"Na hakuna hata mmoja aliyeleta kazi." Akachukua ubao, akaupapasa, akaupuliza vumbi. "Yule alikuwa mamba mzuri. Sasa, hapa chini nitaandika Stendi. Siku hizi niko Stendi."

"Hapana," nilimwambia. "Andika nyuma ya mashine ya kusaga."

"Mashine haipo, mwanangu. Watu watapotea."

"Andika hivyo hivyo. Ndivyo wanavyosali."